Nilipomtaka Dada Yangu Idhini

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kunifuata kazini. Siku aliyokuja alisimama chini ya jukwaa, pindo la baibui lake limeshika vumbi la chokaa, akaniita mara moja tu. Nikaitika "Naam" huku mwiko mkononi. Nilikuwa nikipiga lipu ukuta wa nyumba kongwe moja huko Mkunazini, na lipu ya chokaa haipendi kuachwa katikati. Ukiiacha inakauka ukingoni, na ukirudi kuiendeleza, pale ulipoachia panaonekana daima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Shuka."

"Nimalizie kipande hiki."

"Ukuta umesimama tangu enzi za mababu, leo ndio utakimbia? Shuka, nna maneno."

Nikashuka. Maneno yenyewe yalikuwa kwamba dada yangu ameposwa. Kijana wa Malindi, watu tunaowafahamu, anafanya kazi Maskati katika ghala la vipuri vya magari. Amekuja likizo, na akirudi anataka arudi na mke.

"Wamekuja kwangu kwa sababu wanakuonea haya," Shangazi alisema. "Lakini walii ni wewe."

Walii ni neno zito kwa mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Kwa sharia yetu mwanamwali haolewi mpaka walii wake atamke, na baba na babu wakishakuwa hawapo, zamu humfikia kaka. Maana yake, bila ya mimi kukaa msikitini na kusema kwa ulimi wangu kuwa nimemuozesha, dada yangu haendi popote. Shangazi alilijua hilo. Mimi nililijua. Yule kijana, ambaye likizo yake ilikuwa inayeyuka, alilijua kuliko sote.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Shangazi akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wageni. "Mwanamwali anasema? Tangu lini?"

"Basi nipe muda."

"Muda wa nini? Wa kumuozesha au wa kumficha?"

Akaondoka bila ya kungoja jibu. Nikapanda juu, nikakuta kipande changu kishakauka ukingoni. Nikakibomoa chote, nikaanza upya, na mafundi wenzangu wakanicheka kwamba leo nimeajiriwa kubomoa.

Tulikuwa ndugu wanne katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu, Kokoni. Baba alikwenda kwa maradhi ya muda mrefu, na mama hakukaa sana baada yake. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, hamkumbuki mama hata sura. Nilitoka shule, fundi mmoja akanichukua nimchekechee mchanga, na tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuta za watu wengine. Dada yangu anayenifuata akashika nyumba. Alipika mkate wa ufuta na kuuza mlangoni, na kilichopatikana, changu na chake, tulikigawana wanne. Kugawa ilikuwa kazi yake. Mimi nilileta, yeye aligawa.

Nilijisifu kwa hilo. Majirani walisema, watoto wale wamesimama, na mimi niliyapokea maneno hayo kama mshahara wa pili. Ilichukua muda kabla sijagundua jinsi alivyokuwa akigawa. Sahani zikishajaa, nikimuuliza, "Na wewe ushakula?" alinyamaza, akakoroga makaa, akasogeza chungu. Nasi tukachukulia ndiyo. Siku moja nilirudi kazini kabla ya wakati, nikamkuta anakomba ukoko kwa kijiko baada ya wadogo kushiba. Alikuwa na njaa. Hakuwahi kusema uongo, alinyamaza tu.

Ndiyo maana posa ile ilinitia hofu. Shangazi alishatamka, akidhani ananifurahisha, kwamba dada akiwa Maskati atatusaidia kuwasomesha wadogo. Nikajiuliza kama dada mwenyewe hakufanya hesabu ile ile ya chungu na ukoko, akaamua kujigawa mwenyewe.

Nilimuuliza siku ile ile, baada ya Magharibi, wadogo wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

"Umesikia habari za Shangazi?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Utakavyo wewe, Kaka."

"Sikuulizi nitakavyo mimi."

"Chai inapoa."

Mdogo wetu wa mwisho akainua uso. "Nani anakwenda Maskati?" Akatutazama mmoja mmoja, kisha akakiweka kikombe chake chini na hakukigusa tena.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama chumba chenye mgonjwa. Tulipishana ngazini bila ya utani. Asubuhi moja nikamkuta dada anamfundisha yule mdogo kukanda unga, anamwonyesha hamira inavyotiwa, anamshika kidole kupima uvuguvugu wa maji. Damu ikanipanda.

"Nani kakwambia kuwa nimekubali?"

Hakugeuka. "Nani kakwambia kuwa namfundisha kwa sababu hiyo?"

Nilichukua ndoo yangu nikatoka, na nilipofika chini nikatambua kuwa sikuaga. Katika nyumba yetu hakuna anayetoka bila ya kuaga, maana wawili walishatoka hawakurudi. Nikapanda tena ngazi zote, nikasema, "Nnakwenda." Wote wawili wakajibu, "Haya," kwa sauti moja.

Kuna aliyekuwa akiniangalia kwa karibu zaidi kuliko nilivyodhani. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo kikuu. Muhula ule walikuwa wakisomeshwa falsafa, na yeye akipata jambo jipya hawezi kulala nalo, lazima alimwage. Ijumaa baada ya sala alinifuata barazani, na karatasi zake chini ya kwapa.

"Kaka, kuna watu wa Ugiriki na Rumi ya kale, wakiitwa Wastoiko. Nilipowasoma nikakuona wewe."

"Walikuwa mafundi chokaa?"

"Mmoja alikuwa mtumwa, mwingine mfalme. Walisema kuna mambo yaliyo katika uwezo wako na mambo yasiyo katika uwezo wako. Rai yako, nia yako, jinsi unavyolichukua jambo, hayo ni yako. Lakini mali, mwili, cheo, hata watu uwapendao, hivyo umeazimwa."

"Watu huazimwa?"

"Huazimwa. Na mwenyewe akija kuchukua chake, humgombi. Unashukuru kwa muda uliokaa nacho."

"Hao Wastoiko walikuwa na dada?"

"Bila shaka."

"Wakawaozesha Maskati?"

Akacheka, lakini hakuniachia. Akanikumbusha mama. Mama alikuwa na namna yake ya kusema kikombe kikivunjika. Hakuwa akisema kimevunjika, alisema, "Kishakwenda kwao." Bakuli lililopelekwa kwa jirani na futari likasahauliwa huko, nalo limekwenda kwao. Tuliona ni mzaha wa mama. Kisha baba alipofariki akasema maneno hayo hayo, mbele ya watu, uso wake mkavu, nami nikamchukia kwa siku kadhaa. Niliona kama amemfananisha baba na kikombe.

"Mama hakusoma Wastoiko," nikamwambia.

"Sikusema kasoma. Nasema wewe umechukua nusu tu ya maneno hayo. Kusimama imara unakujua. Watu wote wa Kokoni wanakusifu. Lakini unadhani kusimama imara ni kuzuia mlango."

Maneno hayo yalinichoma. Nikamjibu kwa ukali kwamba aliye barazani akisoma makaratasi asinifunze mlango, mlango huo nimeuegemea mimi ili yeye asome. Akazikunja karatasi zake.

"Haya. Nijibu moja tu. Huyo mwenyewe atakayekuja kumchukua dada, ni nani?"

"Si huyo kijana wa Malindi?"

"Siye."

"Mwenyezi Mungu, basi."

"Kwa Mungu sote ni wake, halina ubishi. Lakini baada ya Mungu, Kaka, mwenyewe ni dada."

Aliingia ndani akaniacha na hilo.

Kijana wa Malindi naye alichoka kungoja. Alinijia Mkunazini, kofia yake mkononi, akaniita Kaka ingawa ni wazi kuwa kanizidi umri. Nikashuka bila ya kuambiwa.

"Miye si mtu wa maneno," alisema. "Ukinikataa, niambie, nitajua. Ukinikubali, niambie. Hivi nilivyo, wallahi hata wali haupiti."

"Umewahi kusema naye?"

"Kila nikija likizo nanunua mkate kwake."

"Na yeye hukwambia nini?"

Akafikiri kwa makini, kama aliye mbele ya kadhi. "Huniuliza, wa moto au wa jana?"

Nikacheka bila ya kutaka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza atamfanya nini dada yangu huko ugenini, na akasema atakaa naye. Nilitafuta kwake sababu ya kumkataa, nikamtazama mikono, viatu, macho, na kilichonikera ni kwamba sikuiona.

Nikamwambia Shangazi kuwa nimekubali. Akapiga kigelegele pale pale mlangoni, na maandalizi yakatuzoa. Lakini moyoni niliweka sharti ambalo sikumwambia mtu. Siku ya ndoa, kabla ya kwenda msikitini, walii huingia kwa biharusi pamoja na mashahidi wawili kumtaka idhini. Nikaapa kuwa siku hiyo nitalisikia neno kutoka kinywani mwake. Akinyamaza, sitakwenda. Watu watavunjika moyo, Shangazi atanilaani, na kijana atarudi Maskati peke yake. Nilikuwa tayari kwa yote hayo. Nilijihisi mtu madhubuti, na nikiyaandika haya nadhani nilikuwa nimejificha humo humo katika umadhubuti.

Ndoa ilipangwa baada ya Alasiri, nyumbani kwa Shangazi, Ng'ambo. Tuliingia chumbani watatu, mimi, mdogo wangu, na jirani yetu mmoja mzee, shahidi wa pili. Moshi wa udi ulikuwa umejaa mpaka macho yakatoa machozi, na nilishukuru kwa hilo. Wanawake walikaa ukutani pande zote. Katikati, juu ya kitanda, dada yangu amefunikwa gubigubi, mikono tu yaonekana, ina hina mpaka kwenye viwiko. Ubavuni mwake kakaa somo yake, yule mtu mzima anayemfunza mwali, mwanamke mnene wa kutisha ambaye hata Shangazi alimwogopa.

Nikasema kama nilivyofundishwa. "Dada yangu, nakutaka idhini yako nikuozeshe kwa huyu aliyekuposa, kwa mahari mliyoridhiana. Umeridhia?"

Kimya.

"Karidhia," akasema somo. "Nendeni, wanaume wanangoja."

"Sijasikia."

"Hutosikia, mwanangu. Mwali idhini yake ni kunyamaza. Hukusomeshwa chuoni?"

"Nimesomeshwa."

"Basi?"

"Huyu akinyamaza huenda ana njaa."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba biharusi hajapewa chakula, mwingine akaapa kuwa kala biriani asubuhi kwa macho yake. Mdogo wangu tu ndiye aliyeinamisha kichwa.

Nikauliza mara ya pili. Kimya. Mikono ile ya hina ikashikana.

"We mtoto una nini?" Shangazi alikuwa amesimama. "Unatuaibisha mbele ya wakwe! Unataka akujibu vipi, akupigie kigelegele?"

"Nataka aseme."

"Akisema wataambiana mji mzima kuwa alikuwa na pupa ya mume!"

"Waseme."

"Yarabi, nani kamroga huyu?"

Jirani yetu mzee akakohoa, akanigusa bega, akaniambia polepole kuwa sharia imetimia na imamu ana haraka. Nilijua kuwa imetimia. Nilipiga magoti mbele ya kitanda ili nisiseme juu ya kichwa chake.

"Sikiliza. Kama ni kwa ajili yetu, hatukutaki ufanye hivyo. Tutakula mkate wa jana. Ukinyamaza mara hii, sendi msikitini."

Nje, watoto walikuwa wakicheza na kupiga kelele, na hata hizo nilisikia zikipungua. Somo aliinua mkono, sijui kunizuia au kunipiga. Kisha kutoka chini ya mtandio ikaja sauti ndogo, kavu, ile ile ya kila siku.

"Na wewe, Kaka? Wewe umeridhika?"

Katika yote niliyoyapanga, sikupanga kuulizwa. Nilitaka kumwambia kuwa nimemwachia, aende, yuko huru. Ulimi ukanikatia neno katikati.

"Nimekuacha," nikasema.

Ah! Kila Mswahili anajua neno hilo ni la nani. Ni neno la mume anayetoa talaka, na mimi nimelitoa chumbani kwa biharusi, siku ya ndoa yake, mbele ya mashahidi wawili.

"Auzubillahi!"

"Kamwacha kabla hajaolewa!"

"Talaka ya nduguye, jamani, nani kaiona?"

"Haihesabiki," akasema jirani yetu kwa uzito wa mwanachuoni. "Si mkewe." Na hapo mdogo wangu akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita ukutani kote mpaka kikamfika somo, ambaye tumbo lake lilitikisa kitanda. Chini ya mtandio nako kulikuwa kunatikisika. Nilikijua kicheko kile. Nilikuwa sijakisikia tangu siku Shangazi aliponifuata jukwaani.

Kilipotulia, dada yangu akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Nnataka." Kisha, kwa ajili yangu peke yangu, chini zaidi, "Nnataka kwenda, Kaka. Tangu zamani nnataka kwenda."

Nilikuwa nimejitayarisha kumwokoa. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe dhidi ya Shangazi, dhidi ya wakwe, dhidi ya imamu. Kwa neno hilo sikuwa nimejitayarisha hata kidogo. Tangu zamani. Maana yake, alipokuwa anakoroga makaa, anagawa sahani, anauliza wa moto au wa jana, alikuwa tayari anataka kwenda, na kati ya vyote tulivyogawana, hicho alikibakisha kwake. Hakunyimwa na mtu. Alisubiri mpaka wadogo wakue. Ningependa niandike kuwa nilifurahi. Kilichokuja kwanza ni uchungu, kama mtu aliyenyang'anywa, na ilinibidi nibaki pale nimepiga magoti mpaka uchungu ule upite juu yangu.

Nikamwona mdogo wangu ananitazama, bila ya karatasi zake, bila ya ushindi wowote. Nikamwelewa hapo. Kama dada angekuwa anajitoa kafara, kumwachia kungekuwa dhuluma, na kumzuia kungekuwa wema wangu. Sasa hapakuwa na wema wa kunificha. Kwenda kwake hakukuwa katika uwezo wangu tena, ingawa sharia ilikuwa imeuweka kinywani mwangu. Katika uwezo wangu palibaki jambo moja dogo, namna nitakavyotoka katika chumba kile. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikamwambia Shangazi, "Kasema," na tukaenda.

Msikitini walikuwa wametandika. Imamu akanikalisha mkabala na yule kijana, magoti yetu yakagusana, akatwambia tupeane mkono wa kulia. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, baridi kama umetoka kwenye maji. Nikatamka. Sauti haikutoka vizuri.

"Sauti, mwanangu," akasema imamu. "Mashahidi wasikie."

Nikavuta pumzi. "Nimekuozesha dada yangu—"

"Nimekubali!" akadakia kijana, kabla sijafika kwenye mahari. Wanaume wakaangua kicheko, yeye akainama kwa haya, na imamu akatikisa kichwa.

"Neno limeingiliwa. Walii, anza tena."

Ikawa nimtoe dada kwa mara ya tatu. Zile mbili za mwanzo nilizisema nikitazama mkeka. Mara hii nilimtazama yeye usoni, mwanamume mwoga mwenye kofia mpya, nikalisema neno lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, bila ya kuliachia njiani, na mahari ya dada yangu, na ridhaa aliyoitamka mwenyewe. Alisubiri mpaka nikamaliza. Hata baada ya hapo alingoja kidogo, akimtazama imamu, ndipo akajibu.

Imamu akaanza kusoma dua. Watu wakainua viganja, na kijana wa watu alikuwa bado kanishika, kasahau kabisa. Nikautoa mkono wangu katika mkono wake, polepole asishtuke, nikauinua na wenzangu, nikaitikia amina.